Nina miaka sita kwenye kamati ya maadili ya utafiti kama "mjumbe wa jamii". Karibuni mniulize

Mwalimu Mstaafu (mtoa mada):

Wakuu, habari za jioni.

Mimi si daktari wala mtafiti. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na ushee, Kiswahili na Maarifa ya Jamii, nikastaafu, nikarudi Tanga kwenye michungwa yangu. Sijamaliza hata mwaka, ikaja barua: taasisi fulani ya utafiti wa afya inaniomba niwe mjumbe wa kamati yake ya maadili, ile inayopitia kila utafiti kabla haujaanza ili washiriki wasidhurike. Nikajua wamekosea bahasha. Maadili niliyoyajua mimi ni ya paredi ya asubuhi: kucha, nywele, soksi.

Kumbe mtu kama mimi ni lazima awepo. Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya dawa unataka kamati iwe na wajumbe wasiopungua 5, angalau mmoja asiwe mtu wa sayansi, na angalau mmoja asiwe na uhusiano na taasisi husika. Mimi nilikuwa naziba mapengo yote mawili kwa mpigo. Nadhani ndiyo maana walinipenda haraka hivyo.

Kikao cha kwanza nikakabidhiwa andiko la utafiti la kurasa zaidi ya mia, michoro na hesabu tupu. Jirani yangu, daktari bingwa, akaninong'oneza: "Mwalimu usihangaike na hayo, wewe soma fomu ya ridhaa tu." Nikaona nimedharauliwa. Nikaisoma kwa hasira, na hasira ikanisaidia.

Fomu hiyo, karatasi anayosomewa mshiriki kabla hajakubali, ilikuwa imetafsiriwa. Sentensi ya kwanza, nainukuu kwa kumbukumbu: "Mtoto wako anaalikwa kushiriki katika utafiti wa nasibu wenye upofu maradufu."

Nikanyoosha mkono. Nikasema, waheshimiwa, mama amebeba mtoto ana homa, yuko zahanati tangu alfajiri, mnamwambia kuna upofu, tena maradufu? Atambeba mwanawe aondoke, na mimi nitamsindikiza.

Walicheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na neno lingine. Saa nzima tulikaa kwenye hilo tu. "Nasibu" kila mtu huku anaunganisha na bahati nasibu, maana yake kuna kushinda na kushindwa, na atakayeangukia kundi la pili ataona ameshindwa. Mmoja akasema tuandike "kama kurusha shilingi". Shehe wetu, naye ni mjumbe, akasema hapo wapo watakaosikia harufu ya kamari. Mwisho tukaandika hivi: kuna makundi mawili, kompyuta ndiyo itakayogawa, wewe huchagui wala daktari hachagui, na hakuna kati yenu atakayejua mtoto yuko kundi gani mpaka utafiti uishe. Maneno yakawa mengi, karatasi ikaongezeka, lakini niliwasomea wanakijiji wawili watatu nikawaambia wanirudishie kwa maneno yao, wakanirudishia sawasawa.

Ukurasa wa pili: "watoto wengine watapewa dawa bandia." Jamani! Dawa bandia Tanzania ni zile TMDA, mamlaka ya dawa, wanazokamata na kuzichoma moto mbele ya kamera. Mfamasia akasema ndilo neno lililozoeleka kwenye fomu. Limezoeleka kwa nani? Tukaandika "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani".

Tangu siku hiyo sijadharau tena kazi ya kusoma fomu. Nuremberg mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Hitler, walipoandika ile misingi kumi, wa kwanza kabisa ulikuwa ridhaa ya hiari ya mtu. Sasa ridhaa itatoka wapi kama mtu hajaelewa alichoambiwa?

Kwa wasiojua mpangilio wa Bara: taasisi kubwa zina kamati zao. Juu kuna kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Jaribio la dawa au utafiti wenye mtafiti mgeni hupanda hadi huko. Jaribio la dawa linapita pia TMDA, na mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar wana kamati yao. Kibali cha maadili kinadumu mwaka mmoja, na mtafiti anatakiwa kuleta ripoti kila miezi sita. Asipotimiza masharti, sheria inatambua hilo kuwa kosa lenye faini.

Ulizeni. Siri za kikao sitatoa, na jina la taasisi msilitafute.

Kapu la Mama:

Shikamoo mwalimu. Naweka mkeka hapa. "Upofu maradufu" nimecheka mpaka chai imenimwagikia.

Kijana wa Mlimani:

Mwalimu shikamoo, ila mimi nina donge. Nasoma shahada ya uzamili, sayansi ya jamii. Utafiti wangu ni maswali tu, nakaa na akina mama nawahoji kuhusu maisha ya ndoa. Sina sindano wala kidonge. Kamati imenikalisha miezi minne, nimelipa ada, nimerudishiwa andiko mara mbili, mara ya pili kosa lilikuwa ukubwa wa herufi. Msimamizi wangu amekwenda likizo, amerudi, bado. Hivi swali linaweza kumdhuru mtu kweli? Au ni urasimu wa kuhalalisha posho?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba kijana. Kuhusu ukubwa wa herufi, nakuombea radhi kwa niaba ya makamati yote duniani. Kuna wajumbe ambao wakikosa la kusema wanasahihisha nukta. Nami nimo, ualimu haunitoki. Na miezi minne kwa utafiti wa mahojiano ni mingi. Kuna njia ya mapitio ya haraka kwa tafiti za hatari ndogo, ambapo wajumbe wachache wanasoma bila kusubiri kikao kizima. Ulizia kwa nini hukupelekwa huko.

Lakini nadhani najua kwa nini. Umesema "maisha ya ndoa".

Shirika la Afya Duniani liliwahi kufanya utafiti wa nchi nyingi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, na kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Kabla ya kuanza walitunga mwongozo, ukatoka mwaka 1999 na tena mwaka 2001. Usome. Unasema nyumba moja ahojiwe mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue maswali ni yapi. Utafiti ukifika kijijini usitangazwe kwa jina la ukatili; utajwe kama utafiti wa afya na maisha ya wanawake. Mwanamume akiingia katikati ya mahojiano, mhoji awe na karatasi nyingine ya maswali ya kawaida, ahamie huko bila kubadili uso.

Wewe ulipanga kumhojia wapi? Sebuleni? Mume akiwa uani anachanja kuni? Saa utakayoondoka na kalamu yako, yeye anabaki na nani? Usiku ule akipigwa kwa sababu "umemwambia nini yule mwanafunzi", swali lako ndilo lililompiga.

Mtafute mjumbe mmoja umuulize kwa heshima hasa wasiwasi ni upi. Mara nyingi barua ya kamati huandikwa na katibu aliyechoka, na wasiwasi wenyewe unapotea humo ndani.

Kijana wa Mlimani:

Sebuleni, ndiyo. Nimekuelewa mwalimu. Donge limepungua, ada bado inauma.

Jicho la Kitaa:

Mnapambana na maneno wakati wazee wetu walishajua zamani: hao ni mumiani. Wanakuja na gari, wanatoa damu, wanaondoka. Damu inakwenda Ulaya. Halafu kamati nzima mnakaa mnakula posho. Tuambie mwalimu bila kuzunguka: mnalipwa na nani?

Mwalimu Mstaafu:

Jicho, umenichoma mahali pazuri. Nianze na mumiani.

Nilipokuwa mdogo, bibi alitukataza kupita karibu na gari la zimamoto. Wakati wa ukoloni hadithi hiyo ilienea kutoka pwani hadi Uganda, kwamba watu wa zimamoto wanakamata watu na kuwanyonya damu. Wataalamu wanaiita uvumi. Mimi naiona kama malalamiko ya watu waliokosa mahali pa kuyapeleka: kuna mtu anachukua kitu mwilini mwangu, haniambii ni cha nini, na sina wa kumuuliza. Ukimtoa damu mtu bila kumweleza mpaka akaelewa, umeishatunga hadithi ya mumiani mwenyewe, usimlaumu bibi.

Na kwamba damu inakwenda mahali pengine kwa kazi nyingine, hilo si hadithi. Marekani, kabila la Havasupai, watu wanaoishi ndani ya lile bonde kubwa la Arizona, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini ni kwa ajili ya kisukari kinachowasumbua. Baadaye wakagundua damu ileile imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili na asili ya kuhama kwao, jambo lililogongana na imani yao ya walikotoka. Mwaka 2010 chuo kikuu husika kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Ndiyo maana siku hizi sampuli ikitoka nchini lazima uwepo mkataba wa kuihamisha unaosema inakwenda wapi, kwa kazi gani, itakaa muda gani. Na kwenye fomu kunakuwa na kisanduku cha peke yake: unakubali damu yako itunzwe kwa tafiti za baadaye, au hukubali? Mtu anaweza kukubali utafiti akakataa hicho kisanduku. Muulize anayekuja kwenu kama anakijua.

Sasa posho. Ndiyo, tunapewa posho ya kikao na nauli. Haijengi nyumba. Inatoka kwenye mfuko wa taasisi, na mfuko huo sehemu yake ni ada wanazolipa watafiti, akiwemo Kijana wa Mlimani hapo juu. Tatizo ninalolijua mimi si posho. Tatizo ni kwamba taasisi inayotuteua ndiyo hiyohiyo inayosubiri fedha za wafadhili ziingie utafiti ukishapita. Kuna siku mkubwa mmoja aliingia kikaoni, si mjumbe, akavuta kiti. Hakusema chochote. Alikaa tu. Andiko lililokuwa mezani lilikuwa na fedha nyingi. Wajumbe ambao wiki iliyopita walikuwa simba wakawa na maswali madogo madogo ya tahajia. Mwenyekiti, mama mmoja mfupi, akafunga faili akasema kikao kimeahirishwa kwa sababu akidi ya wajumbe imetimia kupita kiasi. Mpaka leo sijui kama kanuni hiyo ipo, ila mkubwa aliinuka.

Walioendelea wamefanya hadi biashara. Marekani kuna kamati za maadili ambazo ni kampuni. Mtafiti analipa, kamati inapitia, kampuni inapata faida. Mwaka 2009 wakaguzi wa serikali yao waliwatega. Walibuni kifaa ambacho hakipo, aina ya jeli ya kumiminwa tumboni baada ya upasuaji, wakabuni na kampuni na madaktari, wakapeleka kwa kamati tatu. Mbili zikakataa. Ya tatu, Coast IRB, ikaidhinisha. Haikuishia hapo: wakaguzi walibuni na kamati yenyewe, ya mezani kabisa, wakaisajili serikalini, ikasajiliwa! Hiyo Coast IRB ilifunga milango mwaka huohuo.

Huku Afrika tunajua Kano. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, Pfizer, kampuni ya dawa, walijaribu dawa yao ya Trovan kwa watoto wa Kano, Nigeria: watoto 100 wakapewa hiyo, 100 wakapewa dawa ya kulinganishia. Watoto 11 walikufa, wengine walibaki na ulemavu. Kampuni siku zote ilishikilia kwamba ugonjwa ndio ulioua. Lakini walipoulizwa idhini ya kamati ya maadili, ilitolewa barua ya hospitali moja ya huko, na mganga mkuu wa hospitali hiyo akaja kusema kwamba wakati huo hospitali haikuwa na kamati yoyote. Mwaka 2009 wakakubaliana na Jimbo la Kano fidia ya dola milioni 75. Katikati ya hapo, mwaka 2003, Kano walikataa chanjo ya polio, na Trovan ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa vijiweni. Polio ikasambaa tena nchi zilizokuwa zimeshaiondoa.

Mama Kilifi:

Hujambo mwalimu, nasoma uzi wako kutoka Kilifi. Huku utafiti ni kama hewa, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tumezaliwa tukaikuta. Wana wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wenyeji. Shangazi yangu amewahi kuwa mmoja. Watafiti wakija na jambo jipya huwapelekea hao kwanza. Si kamati ya maadili, hawana muhuri, lakini maswali yao ni makali kuliko ya maprofesa. Kuna siku walimuuliza mtafiti, "Mtoto akilazwa usiku saa nane na hakuna boda, gari la mradi litakuja ama ni la mchana tu?" Hakuwa ameandika mahali popote.

Kamati zetu Kenya zinasajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya sheria ya 2013. Ila nina swali linalonikera. Chanjo ya malaria ilipoanza Homa Bay Septemba 2019, na kabla yake Malawi na Ghana, ilitolewa pamoja na chanjo za kawaida za kliniki. Mama alikuja, mtoto akadungwa. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani walisema wanafuatilia usalama kwa sababu jaribio kubwa la kwanza lilionesha dalili za kuangaliwa zaidi, zikiwemo za homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2020 wasomi wakalalamika: huo ni utafiti ama ni huduma? Kama ni utafiti, fomu ya ridhaa iko wapi?

Mwalimu Mstaafu:

Sijambo mama, karibu. Shangazi yako ningempa kiti changu leo.

Swali lako ndilo linalotugombanisha kikaoni kila mara: mpaka kati ya huduma na utafiti. Jibu la Shirika la Afya Duniani lilikuwa kwamba chanjo imeidhinishwa na mamlaka za nchi zenyewe, inatolewa kama chanjo nyingine, na mzazi kumleta mtoto kliniki baada ya kuelezwa ni kukubali. Mimi hilo la "kuja ni kukubali" linanipa shida. Mama wa kliniki ya watoto anakuja kwa sababu ni Jumanne. Anakuja kwa uzito, anakuja kwa kadi. Kumwambia mbele ya foleni "hii ni mpya, na haya ndiyo tunayoyaangalia" kungechukua dakika mbili. Chanjo yenyewe imekuja kuonekana njema, Oktoba 2021 ikapendekezwa rasmi kwa watoto wa Afrika, na mjukuu wangu ningempa. Lakini wema wa kitu haufuti deni la kumweleza mwenye mtoto.

Tulipita njia hii hata zamani. Mwaka 1994 ilishajulikana kwamba dawa ya AZT inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa theluthi mbili. Ilikuwa ghali na kozi yake ndefu. Basi yakaja majaribio ya kozi fupi, mojawapo Petra, lililofanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, ambamo kundi moja la wajawazito lilipewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1997 dunia ikagombana: huko Marekani msingethubutu, kwa nini huku? Wenye kutetea wakasema huku hao akina mama wasingepata chochote hata hivyo, na tunatafuta kitu ambacho nchi inaweza kukimudu. Februari 1998, Thailand walipoonesha kozi fupi inapunguza maambukizi kwa karibu nusu, makundi ya vidonge vitupu yakasimamishwa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote sita. Wale waliotetea hawakuwa waongo. Lakini hoja ya "wasingepata chochote hata hivyo" ukiikubali mara moja, inakuwa leseni: kadiri watu walivyo maskini, ndivyo unavyoruhusiwa kuwapa kidogo. Ningekuwa kikaoni ningepiga kura ya hapana, na huenda ningekuwa nimechelewesha dawa iliyokuja kuwaokoa wengi. Ndivyo kazi ilivyo.

Nesi wa Mradi:

Mimi ndiye ninayekwenda na hizo fomu kijijini, kwa hiyo niseme ya upande wa huku.

Mnakaa, mnasahihisha, mnapiga muhuri kila ukurasa, tunashukuru. Mimi nafika kwa mama, nina malengo ya washiriki kwa siku. Fomu ina kurasa tisa. Nikisoma neno kwa neno dakika arobaini zimekwenda na mtoto analia. Basi "ninafupisha". Kila mtu anafupisha. Ukweli ni kwamba anakubali kwa sababu mimi ni nesi, ananijua, nilimzalisha, na mtoto akiugua mradi unalipa matibabu. Anaweka dole gumba, shahidi anasaini, shahidi mwenyewe ni jirani aliyekuwa anapita.

Na kwa miaka niliyofanya kazi hii sijawahi kuona mtu wa kamati amekuja kuangalia. Hata siku moja.

Mwalimu Mstaafu:

Dada, asante. Mengine umeyasema kwa adabu kuliko tunavyostahili.

Tamko la Helsinki, lile la madaktari wa dunia la mwaka 1964 ambalo hurekebishwa kila baada ya muda (mara ya karibuni Oktoba 2024), linaipa kamati haki ya kufuatilia utafiti unaoendelea. Haki tunayo. Gari hatuna. Mafuta yakipatikana, anakwenda katibu na mjumbe mmoja, na wenyeji wanajua wiki mbili kabla, wanapaka rangi. Kinachobaki ni ripoti za karatasi. Mtafiti anajiandikia mwenyewe kwamba anakwenda vizuri, nasi tunagonga "imepokelewa".

Kwenye majaribio makubwa kuna chombo kingine, bodi ya kufuatilia takwimu na usalama, ambayo inaruhusiwa kuchungulia nani yuko kundi gani utafiti ukiwa katikati. Hao wana meno. Desemba 2006 majaribio ya tohara ya wanaume ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu bodi iliona waliotahiriwa wanapata VVU kwa kiwango cha chini sana, ikawa si haki kuwaacha wenzao wasubiri. Lakini utafiti wako wa kawaida wa wilayani hauna bodi. Una sisi.

Na kamati kukaa peke yake si kinga. Wengi wanaijua Tuskegee, Alabama: wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila kutibiwa tangu 1932 hadi gazeti lilipofichua mwaka 1972, ingawa penisilini ilikuwepo tangu miaka ya arobaini. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka 1969 jopo liliitishwa na mamlaka ya afya kuujadili utafiti huo. Wataalamu wakakaa, wakanywa kahawa yao nadhani, wakaamua uendelee. Mmoja ndiye aliyeshikilia kwamba wale watu watibiwe. Hakukuwa na mtu mmoja kutoka kwa wale wanaume. Hakuna aliyeuliza gari la usiku.

Kwenye kamati yetu, ripoti ya mwaka ina mstari unaosema "malalamiko kutoka kwa washiriki". Miaka yote sita tumeandika sifuri. Mwenyekiti huusoma mstari huo kwa fahari, nasi tunapiga makofi.

Bint Usambara:

Shikamoo mwalimu. Nimekuwa msomaji tu lakini imebidi niandike. Kijijini kwetu, milimani huku, wamepita juzi wa utafiti wa watoto. Mama yangu analea mtoto wa dada yangu, ametia dole gumba. Ameachiwa nakala ya fomu. Nitajuaje ni watu halali, na akitaka kujitoa afanyeje?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Kujitoa ni haki yake wakati wowote, bila kutoa sababu, na mtoto hapaswi kunyimwa matibabu ya kawaida kwa hilo. Halafu, huyo mtoto mzazi wake au mlezi wa kisheria ni nani? Hilo nalo waulizwe.

Chukua nakala. Tazama jina la mtafiti mkuu, namba ya kibali, na muhuri wenye tarehe ya mwisho. Kama tarehe imepita, kibali kimekufa. Kisha nenda ukurasa wa mwisho. Kunakuwa na namba mbili. Ya kwanza ni ya mtafiti, hiyo iache kwanza. Ya pili ni ya katibu wa kamati ya maadili. Imewekwa hapo kwa ajili ya watu kama mama yako. Piga hiyo.

Bint Usambara:

Nimepiga. Amepokea baba mmoja, anauza mbao Korogwe. Si mkali. Anasema, "Binti, wewe ni wa nne mwezi huu, mimi si hospitali." Anasema wa kwanza alikuwa analia.

Picha ya ukurasa nimekutumia faragha, jina la mama nimelifunika.

Kapu la Mama:

Mungu wangu.

Mwalimu Mstaafu:

Nimeiona.

Muhuri ni wetu. Namba imekosewa tarakimu moja, sita imekuwa nane. Kikao kilichopitisha fomu hii nilikuwepo. Ukurasa wa kwanza na wa pili ni Kiswahili changu mimi. Wa mwisho sikuufungua.

Kikao kijacho ni Alhamisi. Kwa sasa nampigia huyo baba wa mbao, nisikie hao wengine watatu walitaka kusema nini.